Bu Retnowati, Aliyekataa Kuwavisha Maharusi Parang

Tarehe 30 Juni Bu Retnowati anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya batiki hapa Laweyan. Nimeambiwa niandike kwa adabu. Nitajaribu.

Alikuja binti mwembamba, anajua kuchora, hajui kutulia. Wiki ya kwanza nta ya moto ilimmwagikia pajani kwa sababu ya maneno mengi. Maneno hakuyaacha, ila cheo kilipanda mpaka akawa mbunifu mkuu, na wasichana wote wanaochora leo kawafundisha yeye, kwa kelele.

Mwaka ule kazi ilipokauka na majiko ya nta yakawa baridi, duka kubwa la Jakarta lilitaka nguo za harusi, nyingi, zote za parang, ile mistari ya mshazari. Eti ndiyo inayouzika. Kwetu parang haiingii harusini, inaleta ugomvi kwenye nyumba mpya. Pak Hardiman, mwenye karakana, alishalegea.

"Watu wa Jakarta hawayajui hayo, Bu."

"Na wewe Pak, binti yako ungemvisha?"

Mzee akakohoa, akaenda kutazama mvua.

Lakini kukataa hakuwashi jiko, na sisi tulikuwa tunakaribia kurudishwa nyumbani. Retno akachukua sidomukti, nguo ya maharusi wetu tangu zamani. Duka lilishaikataa, kwamba kahawia yake ni kama chai iliyolala. Hakugusa bawa wala ua kwenye mchoro. Aligeuza rangi tu, akaweka waridi. Mimi, mtia nta wanayeniita Mbah kwa uzee wangu, nikamwambia wazi, "Retno, hii ni sharubati, si batiki."

"Mbah, wewe tia nta. Wasiponunua nitaivaa mwenyewe hadi sokoni."

Wakanunua, wakarudi tena na tena. Majiko hayajapoa tangu hapo, na hakuna bibi harusi aliyetoka mikononi mwetu na parang mwilini. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, vyeti vilivyoko ukutani ni mapambo. Mwaka jana mjukuu wangu aliolewa amevaa sidomukti ya waridi. Rangi ile mpaka leo siipendi. Picha nimeitundika sebuleni.

Bu Retno, asante. Nenda Klaten kwa dada yako ukale, umekonda mno. Ukija kututembelea, kaa kiti cha mgeni na rangi za wenzako uziache. Sisi wote tunakuombea afya, na asubuhi nyingi za kulala hadi jua lipande.