Msamaha wa Nubia Usiandikwe Bado

Ndani ya basi dogo la kwenda mji wa Sogamoso, Eliécer alikuwa amepakata kikapu cha jibini na hakuwa na pa kuhamia, kwa hiyo aliyasikia yote. Mbele yake walikaa wawili waliotoka kwenye mafungo ya kiroho: Nubia, mama wa makamo, na Hernán, mwandishi wa gazeti la jumuiya yao ya waumini walei.

“Dada, nimeshaandika kwamba umemsamehe yule aliyemgonga marehemu mwanao.”

“Futa. Nilisema namwomba Mungu nimsamehe. Bado sijaweza.”

“Lakini watu walilia ulipotoa ushuhuda, dada! Habari kama hii inajenga imani.”

“Imani ya nani? Mimi ndiye ninayekutana naye sokoni. Akiisoma hiyo atakuja kunikumbatia. Nitamfanyaje, kaka?”

Eliécer, ambaye hajaungama tangu afunge ndoa, alijikuta akisubiri jibu kana kwamba kesi ni yake.

“Basi niandike nini?”

“Andika kwamba jana nililitaja jina la mtu huyo kwenye sala kwa mara ya kwanza, nikashindwa kuendelea.”

“Hiyo nayo ni habari?”

“Kwangu ni kubwa.”

Basi likasimama, Nubia akashuka. Hernán alisimama mlangoni akimwita, mguu mmoja nje, mpaka dereva akamuuliza kama anashuka au anabaki.