Mzigo Uliobaki Barabarani: Risala ya Wodi ya Uti wa Mgongo kwa Mkurugenzi wa Duka Jipya

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Duka Jipya la michezo ya kompyuta, Mganga Mkuu, Sista wa wodi, ndugu zetu mliokuja kututazama, nanyi wenzetu mliolala, ambao milango imeachwa wazi ili msikie:

Tunakusalimu kwa heshima. Utuwie radhi kwamba hatukusimama ulipoingia. Wanaoweza kusimama humu ni wauguzi, nao wana kazi.

KARIBU

Chumba unachokifungua rasmi leo kilikuwa stoo ya mashuka, na bado kinanuka sabuni. Kompyuta nne za kwanza zilitoka kwenye ofisi moja iliyokuwa inazitupa. Meza tuliziinua kwa matofali ili viti vya magurudumu viingie chini yake. Rangi ya ukutani ni ya juzi, kwa hiyo tunakuomba usiegemee.

TULIKOTOKA

Kikundi kilianza na watu watatu: fundi saa, ambaye ndiye anayekusomea; mwalimu wa hesabu; na mshonaji, dada yetu mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Siku ya kwanza tulihesabu vidole vyetu vinavyotii amri. Vya watu watatu havikufika ishirini. Hapo ndipo tulipopata jina letu.

Wa nne alikuwa Dereva. Alikuwa ameendesha matrela miaka kumi na minane, hadi siku gari lilipomlalia na mzigo wake wote. Aliletwa hapa hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Wiki tano hakumjibu mtu. Ndugu zake walikuja, akageukia ukuta. Mtaalamu wa viungo alimbembeleza akae walau robo saa, akafumba macho.

Siku moja mchana fundi saa alisukuma kiti chake hadi kitandani pale akamwambia, "Kaka, kule chumbani tuna lori, ila mtu wa kuliendesha hatuna." Sista alipokuja kugeuza wagonjwa, Dereva alinyoosha mkono kuelekea kwenye kiti.

Tulimkuta mwalimu wetu kwenye mchezo wa malori, siku ya tatu mfululizo akijaribu kuingiza trela kinyumenyume kwenye ghala, na siku ya tatu mfululizo akigonga ukuta. Dereva alitazama. Akakunja uso. Kisha tukaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza.

"Unakata usukani mapema mno. Toka hapo."

Mwalimu akatoka. Dereva aliliingiza trela kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, polepole, pasipo kugusa kitu. Kisha akalalamika kwamba gia za lori lile ni za uongo.

MAFANIKIO

Tangu siku hiyo alikaa. Saa moja kwanza, mwishowe tatu. Kwa kuwa alikuwa anajiinua na kujigeuza mwenyewe ili arudi kwenye usukani, kidonda cha mgongoni kilichomsumbua tangu alipofika kilifunga. Sista alituita tukione, kana kwamba tumezawadiwa kikombe.

Ndani ya mchezo alianzisha kampuni yake. Mwaka na nusu alikuwa anabeba mizigo, ananunua magari, anatuajiri na kutufukuza. Mshonaji alifukuzwa mara mbili kwa kuendesha kama anakimbizwa. Tulikuwa tunakwenda kwa msafara, yeye mbele, na sharti lake lilikuwa moja: mzigo hauachwi njiani.

MAONI YETU KUHUSU MADUKA MAWILI

Barua yenu ilitutaka tuseme, kama wachezaji, tunayaonaje maduka mawili ya mtandaoni, lenu na lile tunaloliita Duka la Zamani. Tutasema tunavyosema tukiwa wenyewe.

Duka la Zamani halina sura. Kurasa zake zimejazana hadi hujui uguse wapi. Lakini michezo yake mingi ukishainunua unaishusha, unazima mtandao, unacheza. Tena chini ya kila mchezo kuna maoni ya wachezaji wenzako, hata wale wanaotukana, na humo ndimo tulimojua mchezo upi unachezeka kwa mkono mmoja.

Duka lenu ni safi, linapendeza macho, na kila Alhamisi linatoa mchezo wa bure. Mwalimu alilipenda tangu siku ya kwanza. "Jamani, mtu anawapa kitu bure, mnamnunia?" Mshonaji akamjibu, "Akinipa bure leo, kesho akinifungia mlango nitamdai kwa lipi?" Walibishana hivyo miezi mingi, na ulikuwa ubishi mtamu, wa kupitishia mchana.

Ila duka lenu linataka mtandao muda wote, na mtandao wa hospitali hii unaishia kwenye korido ya utawala. Tena halina mahali pa mchezaji kuandika anachofikiri. Hii ndiyo mara ya kwanza tunawapa maoni yetu, na imebidi uje mwenyewe.

CHANGAMOTO

Mchezo wa malori tuliununua Duka la Zamani. Kwa sababu ya misafara, kila ulipofunguliwa ulilazimika kuwasiliana na mitambo ya waliouunda. Data kidogo ya simu ya fundi saa ilitosha. Halafu waundaji waliingia mkataba na ninyi, mchezo ukawa wenu peke yenu, na mitambo iliyotuhudumia sisi wa Duka la Zamani ikazimwa. Tuliletewa tangazo la mistari miwili, na tuliliona mambo yalipokwisha kuharibika.

Ilikuwa Jumanne. Dereva alikuwa katikati ya safari, amebeba mabomba ya chuma. Aliegesha pembeni ili akafanye mazoezi ya viungo. Aliporudi, kioo kiliandika: "Mchezo huu haupo tena."

Alidhani ni mtandao. Akakaa kwenye kiti akisubiri mpaka chakula cha jioni kikapoa. Fundi saa alipomgusa bega alisema, "Mzigo uko barabarani. Nimeuacha tena."

Mwalimu alitaka kulitengeneza jambo. Alijua mchezo uleule mnautoa bure, katika toleo jipya. Tulipakia kompyuta yenye nguvu kidogo kwenye toroli la dawa, tukamsukuma Dereva hadi korido ya utawala, makarani wakitutolea macho. Mchezo ulichukua mchana mzima kushuka. Ukafunguka, ukamuuliza jina, ukampa kijilori kimoja kidogo cheupe, na maandishi juu yake: "Karibu, dereva mpya."

Aliondoa vidole kwenye kompyuta.

"Nirudisheni," akasema.

Tuliandika barua. Duka la Zamani lilitujibu tuwaulize waundaji. Waundaji walitujibu tuwaulize ninyi. Kutoka kwenu ulikuja ujumbe ndani ya dakika moja, kwamba maoni yetu yamepokelewa na shauri limefungwa.

Dereva hakukaa tena. Tulimshawishi kwa karata, kwa redio, kwa michezo mingine. Mwalimu alipiga moyo konde akamwomba amfundishe kurudi nyuma hata kwa kuchora kwenye karatasi. Alirudisha uso ukutani. Kidonda kilifunguka. Kikaingia ndani, kikafika kwenye damu. Alifariki Jumapili iliyopita, saa ya kutazama wagonjwa, ndugu wakiwa kwenye ngazi wanapanda.

Mgeni rasmi, hatusemi kwamba duka lako lilimuua. Daktari ameandika sababu, na sababu ni kidonda. Sisi tunasema tulichokiona: alikuwa anakaa, kisha akaacha kukaa.

Mwalimu naye hachezi. Siku ya msiba mshonaji alimwambia, "Huyo rafiki yako wa vya bure ndiye aliyetufanyia haya." Mshonaji amekwisha kumwomba radhi mbele yetu sote. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, na hadi leo anaingia humu, anakaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, muda wa kulala ukifika anasukumwa kitandani.

MAOMBI

Tunashukuru kwa kompyuta mpya ulizotuletea, zenye duka lako ndani. Tutazitumia. Tunaomba michezo yenu ichezeke bila mtandao, kwa kuwa wengi wa wachezaji wenu wa aina yetu wako mahali ambapo mtandao haufiki. Tunaomba pia kwamba kabla ya kuzima kitu ambacho watu wamo ndani yake, wapewe muda, na awepo binadamu wa kuwajibu.

Ombi la mwisho si letu.

Baada ya mazishi mjane wa Dereva alikuja kuchukua vitu vyake: sweta, redio, na viatu ambavyo hakuvivaa humu hata siku moja. Akatuomba tumwonyeshe barabara. Hatukumwelewa. Akasema, "Alikuwa ananipigia simu kila alasiri. Ananiambia, mke wangu, sasa napanda mlima, kuna ukungu, taa za mbele sizioni. Miaka kumi na minane alikuwa anarudi nyumbani amechoka, anakula, ananyamaza. Amekuja kunisimulia safari zake akiwa humu. Nataka niione hiyo barabara."

Tulimwashia. Yakatokea yale maandishi, kwamba mchezo haupo tena. Aliyagusa kwa kidole akauliza kama mashine imeharibika.

Tunaomba mitambo ile iwashwe kwa alasiri moja tu.

Yumo humu. Ni yule mama wa safu ya pili, mwenye gauni la buluu. Ametoka kwake alfajiri, kwa sababu tulimwambia leo anakuja mtu anayeweza kumjibu.

Mungu akutangulie njiani, akufikishe salama, na wa nyumbani kwako wakupokee ukiwa mzima. Awape nafuu walio vitandani, na amlaze pema mwenzetu.

Ni sisi,
Kikundi cha Vidole Vilivyobaki,
Wodi ya Uti wa Mgongo.