Nani Kainywesha Injini Maji?

Wewe unayepita hapo, hebu simama unijibu: injini ya boti ikizima katikati ya maji, huku mbali na kule mbali, utaanza kumlaumu nani? Usijisumbue. Kwenye benchi la kijiwe cha gatini jibu lilishapatikana kabla birika halijachemka: alaumiwe aliyeshika usukani. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi, limetazamana na ofisi ya kivuko, na pembeni yake ndipo lilipo jiko la mkaa la Digrii. Jina hilo binti huyu alibandikwa siku aliporudi nyumbani na joho la kukodi na shahada ya kemia. Alipeleka maombi ya kazi kila penye mlango, na kila mlango ukamwambia atapigiwa simu. Simu ikabaki bubu. Basi anauza kahawa, "for the time being," kama anavyosema mwenyewe, na ulimi wake ni mchungu kuliko anachokiuza. Asubuhi ile ulikuwa mchungu maradufu, kwa sababu aliyeshika usukani alikuwa kaka yake wa kuzaliwa naye.

Boti ilikuwa imezima juzi, imejaa abiria. Muuguzi wa zahanati alipiga kasia kwa mfuniko wa boksi la chanjo mpaka wakafika nchi kavu, na tangu hapo hasalimii mtu. Ofisi ikachukua ufunguo wa boti. Ikatamka kwamba nahodha kachota petroli akauza, akajazia maji. Adhuhuri ya leo aende akajieleze. Asipokuwa na maelezo, usukani atapewa mwingine.

— Ni plagi, alisema Fundi Plagi, mtengeneza pikipiki, ambaye kwake hata ndoa ikivunjika ni plagi. Ikilowa, injini inakohoa. Ikikohoa, inazima. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu.

— Mawingu yanahusu nini hapo? Digrii alimuuliza.

— Plagi inatoa cheche. Cheche ni radi changa. Radi inatoka wapi, kama si mawinguni? Wewe umesoma bwana, usinichoshe.

Mzee Redio, mstaafu asiyepitwa na habari wala na kikombe, akatikisa kichwa kwa huruma.

— Plagi haina kosa. Petroli ya siku hizi imezaliwa njiti. Zamani ukifungua dumu hapa, jirani wa mtaa wa pili anapiga chafya. Hii ya leo unainusa mpaka unapitiwa na usingizi, hakuna kitu. Ndiyo maana ikifika majini inaogopa.

— Inaogopa nini, mzee wangu?

— Kina.

Mwisho kabisa wa benchi alikaa mtunza stoo wa kivuko, shada la funguo likining'inia kiunoni. Watu walimwita Sili, kwa jinsi alivyopenda kufunga vitu vya ofisi kwa sili, kile kifungo cha plastiki kisichofunguka bila kukatwa, na kuhesabu kuwa kazi imekwisha.

— Mimi sitaki maneno na mtu, alisema. Ila pipa langu lina sili. Nikichota, nafunga sili mpya kwa mkono wangu huu. Mafuta yalitoka kwangu mazima. Kama yaliharibika, yaliharibikia njiani. Samaki mkunje angali mbichi.

— Methali hiyo ni ya kulea watoto, Sili, siyo ya kumwaga watu kazi! alidakia Digrii.

— Mimi nimeisema tu. Anayeona inamfaa aivae.

Kaka yake Digrii, nahodha mwenyewe, naye alikuwa palepale benchini, kikombe kimepoa mkononi. Mtu mkubwa, mabega kama kabati, lakini asubuhi ile alikaa kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi.

— Hebu nielewesheni, alisema taratibu. Nitie maji kwenye injini, halafu nipande mimi mwenyewe, niende nayo mpaka kwenye kina? Kuna mtu anakata tawi alilokalia?

— Wapo, alisema Fundi Plagi. Mimi nina shemeji.

Benchi likacheka. Nahodha hakucheka, na Digrii aliona jinsi jicho la kaka yake lilivyokuwa likienda kwenye mlango wa ofisi na kurudi. Kaka huyu ndiye aliyemlipia shule kwa usukani huohuo, tena bila kumkumbusha hata siku moja. Leo watu wanajadili wizi wake huku wakiongezewa kahawa.

— Mnasahau mnara wa simu, Mzee Redio aliendelea, maana ukimwachia nafasi anaijaza. Ule mnara mpya. Yanatoka mawimbi mle, yanapiga juu ya maji, petroli inapata joto, inatoka jasho. Jasho ni nini? Maji! Hapo hakuna mwizi, hapo kuna teknolojia.

— Kama ni jasho, lingekuwa na chumvi, alipinga Fundi Plagi. Na chumvi inaua nini? Plagi!

— Basi mnara na plagi wameshirikiana, alihitimisha Sili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Stop! Digrii alibamiza kijiko juu ya birika. Evidence iko wapi? Tangu jua lichomoze mnahukumu kesi bila kielelezo. Mmoja radi, mmoja mnara, mmoja anamtafutia kaka yangu jela kwa methali za samaki. Nchi hii kila mtu ni mtaalamu isipokuwa aliyesomea!

— Basi tuambie wewe uliyesomea, alisema Sili. Ni nini?

Digrii akafungua mdomo. Kabla halijatoka neno, kivuli kikawaangukia. Alikuwa mama mmoja, mkoba begani, mtoto mgongoni, na mguu wa mtoto umechomoza pembeni, mweupe kwa plasta kuanzia gotini hadi kwenye vidole.

— Hamjambo hapa. Samahanini, boti ya ng'ambo inaondoka saa ngapi? Leo mwanangu anatolewa hii plasta, na daktari wa mifupa haji zahanati kila siku.

Benchi zima likatazama chini. Mwenye plagi alitafuta kitu mfukoni, mwenye mnara alikohoa.

— Karibu mama, karibu sana, alisema Mzee Redio. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sijaja kumponya mtu, baba. Nimekuja kuvuka.

Maneno yale yalimwingia Digrii kama maji ya baridi mgongoni. Alimgeukia kaka yake.

— Kaka, tangi la boti liko wapi?

— Lipo kwenye boti. Walichukua ufunguo, tangi hawakuligusa.

— Uliangalia ndani?

— Nani kaniambia niangalie? Mimi niliambiwa nijieleze.

Alitaka kumtolea uvivu, akajikuta hana pa kuanzia. Hata yeye, na kemia yake yote, alikuwa amekaa pale akibishana juu ya mafuta ambayo hakuna aliyeyaona.

— Kalilete. Na mpira wake.

Nahodha akaenda, akarudi amekumbatia tangi jekundu la plastiki, mpira wa mafuta ukiburuzika nyuma yake na kile kibofu chake cha kuminyia. Alipokaribia, Digrii aliruka kama aliyeona nyoka.

— Simama hapohapo! Usisogee! Petroli hiyo, na mimi nina makaa hapa!

Akamwaga ndoo nzima ya maji juu ya jiko. Moshi ukapanda, mkaa ukalia, na Mzee Redio akashika kichwa.

— Jamani, kahawa imekufa!

— Afadhali ife kahawa, mzee wangu, kuliko tufe sisi. Haya, sogeeni wote kule, upepo unakotokea. Aliyeshika sigara aizime, naye aende mbali nayo.

Wakaliinamisha tangi upande mmoja ili kilicho chini kikusanyike kwenye mdomo wa mpira. Nahodha akaminya kibofu, petroli ikatiririka kwenye chupa ya maji ya kunywa inayoonyesha ndani, mpaka nusu. Digrii akaiweka juu ya tofali.

— Isiguswe. Iachwe itulie.

— Mbona naona petroli tu? alisema Sili baada ya kitambo, akichungulia.

Kweli, kwa haraka haraka ilikuwa chupa moja ya kimiminika chenye unjano kidogo. Lakini karibu na kitako palionekana kama mstari, mwembamba, unaotingishika. Unauona, halafu huuoni.

— Mzee wangu, Digrii alisema, naomba kikombe chako.

— Hiki ndicho cha mwisho, binti yangu! Birika limeshapoa!

— Tone tu. Mawili.

Mzee akakitoa kama mtu anayetoa damu. Digrii akachovya kijiko, akadondosha kahawa nyeusi ndani ya chupa. Wote wakainama. Matone yakashuka, mviringo, meusi, kama shanga. Yakapita ndani ya petroli bila kuipaka hata rangi. Yalipofika kwenye ule mstari yakafumuka. Kitako kizima cha chupa kikageuka kahawia, na juu yake petroli ikabaki njano vilevile, safi, imekaa juu ya maji kama mtu asiyetaka kuchafua nguo.

— Lahaula, alinong'ona Fundi Plagi. Vidole viwili vizima vya maji.

— Kahawa inapatana na maji, haipatani na petroli, alisema Digrii. Na maji ni mazito, yanakaa chini, palepale injini inaponyonyea.

— Si nilisema! Sili alisimama, funguo zikalia. Maji! Nani aliyatia? Sili yangu haijakatwa!

Nahodha akakaa kwenye tairi. Kwa dakika ile kipimo cha dadake kilikuwa kimemmaliza kabisa. Kumbe Digrii ndiye amemtafutia kaka yake kamba ya kumnyongea.

Mama mwenye mtoto alikuwa bado ameiinamia chupa.

— Naomba niulize jambo la kijinga. Hizi chembe nyekundu hapa chini, si kutu?

— Ni kutu, mama.

— Na tangi hili ni la plastiki?

— Plastiki tupu.

— Sasa plastiki inaota kutu?

Mzee Redio alimtazama Fundi Plagi, Fundi Plagi akalitazama tangi. Akajaribu kidogo:

— Labda dumu la kubebea…

— La plastiki, alisema nahodha, akiinua kichwa.

— Faneli?

— Plastiki. Na pampu ya kuchotea ni plastiki.

Njia yote ya petroli ile, kutoka stoo hadi kwenye injini, ilikuwa na chuma kimoja tu. Macho ya benchi yakatembea yenyewe mpaka kwenye shada la funguo za mwenye pipa.

— Pipa lina sili, alisema Sili, safari hii kwa sauti ndogo.

— Pipa lako limekaaje? Digrii alimuuliza.

— Limesimama. Nyuma ya stoo.

— Chini ya paa?

— Uwanjani.

— Na mvua hizi zote! Juu pale, kwenye kifuniko, maji yanatuama?

Sili akalamba midomo.

— Asubuhi huwa nakuta shomoro wanaoga.

— Basi linapumua.

— Pipa halina pua, Digrii.

— Linayo, ni hicho kifuniko. Mchana jua linalichoma, hewa ya ndani inavimba, inajipenyeza kwenye mizunguko ya kukazia kifuniko inatoka. Mvua ikipiga ghafla, bati linapoa, hewa inasinyaa, pipa linavuta pumzi. Na kifuniko kimezama majini. Litavuta nini? Sili yako inazuia mkono wa mtu, haizuii pumzi.

Sili alikaa tena, polepole.

— Kuna mlio, alisema. Mvua ikianza, linalia: tii! Kama mtu kaligonga kwa ndani. Mimi nikadhani panya. Akamgeukia nahodha. Ndugu yangu, mimi nimekusema vibaya ofisini.

Nahodha akainuka kutoka kwenye tairi.

— Ulisema ulichoamini. Lakini na mimi chujio la kutenga maji nimeliomba mpaka aibu. Nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri, nikawa namimina tu.

— Kwani banda la mafuta si lipo, lenye paa? aliuliza Fundi Plagi.

— Lina viti, alisema Sili. Vya wageni wa mkuu. Vile vyenye mito. Niliambiwa visilowe.

Hapo ndipo Digrii alipocheka, cheko fupi lisilo na furaha. Viti vimekaa kivulini, petroli inanyeshewa, na mtu anafukuzwa kazi kwa ajili ya shomoro.

— Fundi, injini itapona?

— Nikikausha tangi, nikaosha mpira, nikamwaga kabureta na kuweka petroli ambayo imepimwa kwenye chupa kama hii, itanguruma. Fundi Plagi akasita, kisha akaongeza kwa heshima zote: na plagi nitazifuta.

— Twendeni.

Wakavuka barabara wote: nahodha mbele na tangi lake, Fundi na mfuko wa spana, Mzee Redio na kikombe kitupu, mama na mtoto anayeuliza kama sasa wanapanda boti. Sili alikuwa ameshachomoa ufunguo wa uwanja wa pipa kabla hajaombwa. Mkuu wa kivuko aliwakuta wamejaa mlangoni, akaanza kusema kwamba saa ya maelezo bado. Digrii akaitua chupa mezani pake, kahawia chini, njano juu, kutu imelala kitakoni.

— Maelezo haya hapa, bosi, na with all due respect, hatukuja kuomba. Toka nje, ukalifungue pipa mbele yetu, uchote chini kabisa, siyo juu. Viti vyako vitoke bandani leo, mafuta yaingie. Boti iwekewe chujio lenye kikombe cha kuonea maji, na liangaliwe kila asubuhi kabla abiria hajapanda. Kilichosemwa juu ya kaka yangu mkifute kwa sauti ileile mliyokisemea. Na ufunguo wake, uweke hapa mezani sasa hivi: huyu mama anavuka leo.