Boliti ya Kiti cha Sesilia

Sogeeni, Albano, na wewe Yustina kaa hapa kitandani nikuone, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na neno hili nimelibeba peke yangu miaka minane.

Nyumba hii ya Temeke nampa Yustina. Patasi zangu na magogo ya mpingo ni ya Albano, na gari pia ni lako mwanangu, lile nililoliunda uani juu ya chesisi, kile kiunzi cha chuma cha chini, ya Landrova iliyotupwa. Nasikia unataka kumpakia mkeo na ujauzito wake umpeleke Masasi kwa mama yake. Usiliwashe kabla hujanisikiliza.

Mie ni mchongaji, sikuwahi kuwa fundi magari. Bodi niliiunda kwa mbao za mninga, na kiti cha mama yenu nikakichonga maua ya mkorosho, kwa kuwa tangu tuhame Newala alikuwa akiililia mikorosho ya kwao. Marijani, fundi wa Mwananyamala, aliniletea mikanda miwili ya viti kutoka gari bovu akaniambia, "Mzee Fransis, mkanda hushikwa na chuma, haushikwi na mti." Akanielekeza boliti za chini zishike chesisi, usawa wa nyonga, zikiwa na bamba nene la chuma, ili mkanda ulale kwenye mifupa ya nyonga, chini ya tumbo, na boliti ya juu isiwe chini ya bega. Wangu niliufunga hivyo hivyo. Lakini wa mama yenu ungenilazimu kutoboa maua katikati, na mie nikayaonea huruma, nikaipitisha boliti ukingoni mwa ubao wa kiti, mahali ambapo mwanafunzi wangu angepigilia msumari ningemfukuza kazi, maana mti hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Mganga hajigangi.

Jumapili ile tulikwenda Ukonga kwa mjomba wenu Kasiani, tukachelewa kuondoka, na siku zile za shida ya mafuta Jumapili ikigonga saa nane mchana gari haliruhusiwi barabarani, basi nikakanyaga mafuta. Mkokoteni wa mkaa ukakatiza, nikashika breki, na ubao ukapasuka. Mie nilitoka na mkwaruzo. Mama yenu alirushwa nje kupitia kioo cha mbele.

Kasiani aliponiuliza, nilimjibu kwamba Sesilia hakufunga mkanda. Akasema dada yake alikuwa mbishi tangu utotoni, akalirudia neno hilo matangani, nanyi mkakua nalo.

Alifunga, wanangu. Niliusikia ukinasa. Aliniuliza, "Umekaza vizuri, baba Albano?" nikamjibu, "Nimekaza."

Mlidhani nawafungia watu mlango kwa sababu ya kumlilia. Namlilia, lakini pia nilimkimbia kila aliyelitaja jina lake. Pasaka ngapi nimekula peke yangu nikiwasikia majirani wakicheka ng'ambo ya ukuta, na nyie mkaacha kuja, na sikuwalaumu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sasa kimenifikia.

Albano, king'oe kile kiti. Toboa mpaka kwenye chuma, weka mabamba kama alivyosema Marijani, kisha uvute mkanda kwa uzito wako wote kabla mkeo hajakalia. Usilionee huruma ua hata moja. Chini ya kitanda hiki kuna kipande cha ubao kilichopasuka siku ile, boliti ingali ndani yake. Mpeni Kasiani kabla kaburi langu halijafukiwa, mumwambie nilimsingizia dada yake. Asiponisamehe, msigombane naye.

Maji kidogo, Yustina... inatosha.

Mungu awafikishe salama kila mwendako, na mtoto anayekuja, akiwa wa kike, mpeni jina la bibi yake. Shikeni mkono wangu, nyote wawili. Siwaoni vizuri. Semeni mama yenu alifunga... semeni sasa, nisikie.