Mbayuwayu Juu ya Bomba la Moshi

Kwenye basi la mji wa Swansea, Wales, bibi mmoja aitwaye Glenys alikuwa akimlalamikia babu aliyeketi kando yake, mtu asiyemjua kabisa. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikijifanya nasoma.

"Fundi gesi kaizima boila ya kupasha nyumba joto jana," alisema. "Eti bomba lake la moshi limefunikwa kwa mbao, hawezi kukagua maungio. Mbao zenyewe kazipigilia mume wangu Idris, akachora juu yake mbayuwayu ishirini. Leo namtoa hospitali, na nyumba ni barafu."

"Fundi kasema kweli, mama," babu akajibu. "Nimeifanya kazi hiyo miaka arobaini. Ungio likivuja humo ndani, ile hewa ya sumu haina harufu. Mnalala, hamwamki. Kata vilango kwenye hizo mbao, penye maungio, uvifunge kwa skrubu, si misumari."

"Niwakate ndege wake? Afadhali nimkate yeye!"

"Na kumlaza kwenye sumu ndiyo mapenzi?"

Glenys akageukia dirishani. Kitabu changu kilikuwa bado ukurasa uleule.

"Aliwachora mkono ukimtetemeka," akasema taratibu. "Msimu mzima wa baridi."

"Basi mwulize mwenyewe. Fundi wa kweli haogopi kukata kazi yake mwenyewe."

"Humjui Idris wewe."

"Nipeleke nikamjue."

"Msumeno unao?"

"Uko nyumbani."

"Sasa wa kazi gani wewe!"

Basi likasimama hospitalini. Wakashuka wote wawili, babu kabeba begi la nguo za Idris, Glenys akishikilia kwamba kilango kimoja kinatosha, babu akisema vitatu.