Galoni ya Asante: Historia ya Marehemu Alcide Robitaille

Padre, dada yangu Lorraine, watoto wa marehemu, majirani wa Stark Hollow, na nyote mliokuja na viatu vya matope kama inavyostahili mwezi huu wa Mei, mimi ni Normand Gagnon, kaka wa mjane na shemeji wa marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu familia inaamini kwamba mtu aliyepika melini miaka mingi na kuona bandari nyingi lazima ajue kusema mbele za watu, nami sikuwakatalia, ingawa kwa kweli nilichokiona zaidi katika bandari hizo ni sehemu ya chini ya masufuria. Maneno haya yamepitiwa na dada yangu, ambaye amefuta mizaha yangu karibu yote, kisha yakapitiwa na wakili, Bi Thelma Stannard aliyekaa pale karibu na dirisha, ambaye amefuta sentensi moja tu, na mtaijua tukifika mwisho.

Marehemu Alcide Joseph Robitaille alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, hapa hapa Stark Hollow, jimbo la Vermont, au labda alizaliwa tarehe 5, maana kitabu cha parokia kinasema tatu na kitabu cha mji kinasema tano, na mimi nimejaribu kupatanisha vitabu hivyo nikashindwa, ila inavyosemekana ni kwamba utomvu wa mepo ulikuwa unatiririka, na baba yake hakutoka kwenye kibanda cha kuuchemshia hadi baridi iliporudi, ndipo akaenda kuandikisha mtoto akiwa ananukia moshi na hana uhakika wa siku. Mzaliwa wa hapa hatashangaa. Mti wa mepo hutoa maji yake matamu wiki chache tu, usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka, na katika wiki hizo hakuna anayenyoa ndevu, hakuna anayepokea simu, na barua hazifunguliwi. Hilo la barua naomba mlikumbuke, tutalihitaji.

Alisoma shule ya chumba kimoja iliyokuwa njia panda, ambayo sasa ni karakana ya trekta, kisha akaenda sekondari ya wilaya hadi mwaka 1966, ambako alisifiwa kwa hesabu na kuadhibiwa kwa utoro, utoro wa mwezi Machi peke yake, mwaka hadi mwaka, mpaka mwalimu mkuu akaacha kuuliza na kuanza kuagiza asali ya mepo, ule utomvu ukishachemshwa ukawa mzito.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na idara ya barabara ya mji, akaendesha greda wakati wa kiangazi na gari la kusukuma theluji wakati wa baridi, hadi alipostaafu mwaka 2010, na katika kazi hiyo aligonga masanduku ya barua ya wengi mliomo humu ndani, na yote aliyarudishia mwenyewe siku ya Jumamosi, isipokuwa la kwangu, ambalo alisema lilikuwa baya tangu mwanzo. Lakini kazi ya moyo wake ilikuwa kugema mepo na kuchemsha asali, kama baba yake na babu yake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi mgema wetu alisifiwa na jimbo zima na hakutia hata tone, ila sifa zilimponza kwa njia nyingine, kama nitakavyoeleza nikiweza.

Alifunga ndoa na dada yangu Lorraine tarehe 16 Oktoba 1971 katika kanisa hili, baada ya kumchumbia chini ya mti mkubwa wa mepo ambao familia yao huuita Bibi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Yvette, ambaye amekuja kutoka Montana, na Lucien, ambaye ndiye anayechemsha asali sasa.

Hapa ndipo ninapofika mahali ambapo mimi mwenyewe huchanganyikiwa, na nimeelezwa mara nyingi, kwa hiyo nitasema polepole, kwa faida yangu.

Mti ule Bibi, pamoja na mepo wengine waliosimama naye kwa safu, hauko upande wa Robitaille. Uko ng'ambo ya ukuta wa mawe, upande wa Bwana Hollis Peck, ambaye ni mfugaji wa ng'ombe na hajawahi kugema hata mti mmoja, na tangu enzi za baba zao Robitaille waligema safu ile na Peck wakawaacha, hakuna aliyeandika kitu, hakuna aliyeuliza kitu, na kila Aprili Alcide aliruka ukuta akampelekea Hollis galoni moja ya asali ya kwanza, ile nyepesi, wakakaa barazani wakatukanana kuhusu hali ya hewa hadi jioni.

Mwaka 2018 binti yake Bwana Peck alitaka kujenga nyumba, akaletwa mpima ardhi, akachomeka vigingi vyenye utepe wa rangi ya machungwa, na kigingi kimojawapo kikasimama mguuni pa Bibi, mahali ambapo barabara ya kuingilia ingepita. Marehemu alienda kutafuta ushauri. Alimuuliza kinyozi, akamuuliza muuza chakula cha mifugo, na akaniuliza mimi, nikamwambia baharini sheria ni tofauti, jambo ambalo ni kweli na halikumsaidia. Kinyozi ndiye aliyemwambia kwamba katika jimbo hili ukitumia ardhi ya mtu waziwazi, mfululizo, bila ruhusa yake, kwa miaka kumi na mitano, inakuwa yako. Alcide alitoka kwa kinyozi akiwa na upande mmoja wa kichwa haujanyolewa, akaenda kung'oa vigingi.

Nilikuwepo Bwana Peck alipokuja.

"Alcide, umeng'oa vigingi vyangu?"

"Nimeng'oa vijiti vilivyoota kwenye miti yangu."

"Miti yako? Tangu lini?"

"Tangu baba yako akiwa hai, na wewe ukilia ukiona ng'ombe."

"Haya. Tutaonana mahakamani."

"Njoo na suruali safi, Hollis, pale hawapokei samadi."

Hati ya mahakama ililetwa Machi iliyofuata, utomvu ukiwa umefunguka, na marehemu akiwa na siku chache tu za kuijibu, naye akafanya ambalo mgema yeyote angelifanya, akaitumia kuwashia moto chini ya sinia la kuchemshia. Alipokuja kuelewa, msimu ulikuwa umekwisha, na hukumu imetolewa bila yeye kusikilizwa. Hapo ndipo dada yangu alipomshika mkono na kumpeleka kwa Bi Stannard.

"Hati iko wapi, Bwana Robitaille?"

"Ilikuwa karatasi nzuri sana, mama. Ilishika moto mara moja."

Bi Stannard alivua miwani. "Ungekuja siku ya kigingi cha kwanza, ningemwalika jirani yako kahawa na tungemaliza. Ungekuja na hati mkononi, ningeijibu kabla ya chakula cha mchana. Sasa umekuja baada ya hukumu, kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kumwomba jaji asahau kwamba umechoma karatasi yake."

Marehemu alipenda maneno hayo, na tangu siku hiyo aliwahubiria wote, mwenye kugombana na mpangaji, mwenye paa lililovuja baada ya fundi kuondoka, ndugu wanaovutana juu ya wosia, akiwaambia kwamba wakili ni kama kuni, huzikusanyi theluji ikishaanguka. Mimi aliniambia hivyo nilipogombana na kampuni ya simu, nami nikaenda kwa kinyozi.

Jaji alikubali kuitengua ile hukumu, kesi ikasikilizwa upya, tukaenda wote, na kila kitu kilikwenda vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Jaji, mama mwenye sauti ya upole, alimuuliza Alcide kama waliwahi kumwomba mtu ruhusa kabla ya kugema.

"Hatukumwomba mtu, Mheshimiwa. Tuligema mchana kweupe, ndoo zinaonekana toka barabarani."

Bi Stannard akaitikia kwa kichwa kwa furaha.

"Na hii galoni ninayoisikia?"

"Hiyo ni ya asante, Mheshimiwa. Kila Aprili, galoni ya kwanza kabisa. Mtu akuachie miti yake ugeme, halafu ule peke yako? Mimi si mnyama."

"Miti yake, umesema."

"Ndiyo, miti ya—"

Kalamu ya Bi Stannard ilianguka, nakumbuka sauti yake sakafuni. Jaji aliposoma uamuzi alisema kwamba amekaa kwenye kiti kile miaka mingi na hajaona jirani mwenye adabu kama Bwana Robitaille, nami nikapiga makofi.

"Norm, acha," dada yangu akaninong'oneza. "Tumeshindwa."

"Mbona amemsifu?"

"Amesifu adabu. Adabu ndiyo iliyotushinda."

Nilielezwa tena garini. Anayeshukuru amekiri kwamba amepewa, aliyepewa ana ruhusa, na mwenye ruhusa ni mgeni tu hata akikaa miaka mia. Laiti Alcide angekuwa mchoyo, safu ile ingekuwa yake. Nimetembea dunia, nimekula kwenye meza za watu nisiojua lugha yao, na kote nimefundishwa neno la asante kabla ya neno la maji, kwa hiyo jambo hili mpaka leo halijaniingia vizuri.

Binti yake Bwana Peck hakujenga, alihamia Arizona, na miti haikukatwa. Lakini Alcide hakuruka tena ukuta ule, na Hollis hakwenda kubisha. Masika yote yaliyofuata safu ile ilisimama bila ndoo, na Bwana Peck, inasemekana, alikuwa anakula asali ya dukani, ile ya mahindi, ambayo kwetu ni adhabu kuliko yoyote anayoweza kutoa jaji.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2022, akalazwa mara kadhaa hospitali ya wilaya, na baridi ya mwisho hakuweza kupanda ngazi. Kila theluji ilipoanguka, njia yetu ilikutwa imesafishwa hadi mlangoni ili gari la wagonjwa lipite, na alama za matairi zilirudi kwa Peck, na hakuna aliyegonga mlango kutuambia lolote. Alcide alitazama dirishani akasema, "Anakwangua vibaya, anaharibu nyasi," kisha akageukia ukutani. Alifariki nyumbani tarehe 11 Februari 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lorraine, akiwa ameomba jambo moja tu, azikwe chini ya Bibi.

Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma, kwa hiyo kama ilivyo desturi yetu alisubiri katika chumba cha mawe cha makaburini mpaka udongo ulegee, nasi tukapata muda wa kutosha kuhangaika, maana tungemzikaje kwenye shamba la mtu aliyemshinda mahakamani? Wiki iliyopita dada alinituma kwa Bwana Peck. Nilivua kofia, nikaomba ruhusa kwa maneno mazuri niliyoyafanyia mazoezi njiani.

Alinitazama. "Sikupi ruhusa."

"Bwana Peck, ni kaburi tu."

"Umesikia, Norm? Sikupi. Kawaambie na wengine kwamba sikukupa." Akafunga mlango.

Dada yangu alilia, nasi tukaanza kutafuta nafasi katika makaburi ya mji. Juzi asubuhi Lucien alikuja mbio kutuita. Chini ya Bibi kulikuwa na kaburi limechimbwa, safi, pembe zimenyooka, udongo umerundikwa upande mmoja na mizizi haijaguswa, na nyayo za katapila zilikwenda moja kwa moja hadi zizi la Peck. Nikasema mzee huyu amechanganyikiwa, au mimi ndiye. Tukamwita Bi Stannard. Alisimama pale ukingoni, akatuomba tumrudilie maneno ya Bwana Peck neno kwa neno, kisha akacheka, kisha akatafuta kitambaa.

"Norm, akikupa ruhusa, Alcide atakuwa mgeni wake milele. Asipokupa, na Alcide akalala hapa waziwazi, mfululizo, miaka kumi na mitano..."

"Alcide hana safari," dada akasema.

"Mimi sijasema kitu," akasema Bi Stannard, "na sheria si nyepesi hivyo. Lakini jirani yenu ameielewa kesi ile kuliko ninyi nyote."

Kwa hiyo tukitoka hapa tutakwenda kumzika Alcide ng'ambo ya ukuta, mchana kweupe, wote mkiona, bila ruhusa ya mtu yeyote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, inawashukuru wenzake wa idara ya barabara waliobeba jeneza, inamshukuru Padre, kina mama walioleta maharage na mikate, na majirani wote wa Stark Hollow, wote kabisa, isipokuwa mmoja. Ile sentensi iliyofutwa ilikuwa hapa. Bwana Hollis Peck, uliyeketi nyuma na suruali safi, kwa ushauri wa wakili hatukushukuru kwa lolote, hatujapokea chochote kutoka kwako, na galoni utakayoikuta barazani kwako jioni ya leo, ile nyepesi, imesahauliwa hapo na mtu asiyejulikana.

Shemeji, lala. Usihame. Pumzika kwa amani.