Bei ya Mtu Baki

Baba yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuza maziwa. Mama yake alimuuzia kaka yake mwenyewe, mjomba wa marehemu, maziwa kwa nusu bei, kwa sababu ya udugu. Kaka mtu akayauza mtaa wa pili kwa bei kamili. Nyumba moja ikawa na ng'ombe, nyingine ikawa na faida. Marehemu aliliona hilo akiwa darasa la tatu, na hakulisahau.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya stesheni, kisha sekondari ya bweni, akapata stashahada ya uhasibu mwaka 1974.

Februari 1975 aliajiriwa na kiwanda cha sabuni, akapanda hadi kuwa mhasibu mkuu. Kiwanda kilikuwa na kampuni dada ng'ambo, kwenye nchi isiyotoza kodi: chumba kimoja, karani mmoja, simu moja. Mwaka 1983 mkurugenzi alitaka sabuni iuzwe huko chini ya gharama ya kuitengeneza, ili faida ikaonekane kule.

"Ungemuuzia mtu baki bei hiyo?" marehemu aliuliza.

"Huyo si mtu baki. Ni dada yetu."

"Basi dada anatunyonya."

Alikuwa akieleza kwamba bei ile ilipangwa na mambo matatu: kodi ya huku, kodi ya kule, na bonasi ya mkurugenzi. Sabuni yenyewe ilikuwa ya nne. Akakataa kutia saini. Meza yake ikahamishiwa koridoni, mkabala na choo, naye akakaa hapo zaidi ya mwaka akingoja kufukuzwa, huku wadogo zake wawili wakisomeshwa kwa mshahara huohuo.

Badala yake wakaja wakaguzi wa kodi. Mmoja wao, binti mwenye miwani, alisimama koridoni. "Namtafuta mhasibu mkuu."

"Ndiye mimi."

"Mbona uko huku?"

"Niliuliza swali."

Binti akavuta kiti, akaomba alisikie hilo swali. Kiwanda kililipa kodi na faini, meza ikarudi ndani, na mkurugenzi akapewa uhamisho wa heshima kwenda kampuni dada, kwenye kile chumba kimoja.

Marehemu alisubiri faili lifungwe ndipo akapeleka posa, watu wasije wakasema. Tarehe 7 Desemba 1985 yule mkaguzi akawa mama yetu. Sisi watoto tulinunua mayai ya kuku wa baba kwa bei ya sokoni. Zawadi alitupa, ila siku nyingine.

Alistaafu mwaka 2011. Figo zilipomzidi, alimwita mpwa wake, seremala, kando ya kitanda cha hospitali. "Jeneza nifanyie bei ya mtu baki."

"Mjomba jamani, mimi damu yako."

"Najua. Huruma ilete pembeni."

Alituaga asubuhi ya tarehe 14 Mei 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Jana mchana mpwa alilipwa bei kamili, akakata risiti. Jioni akarudi na bahasha ya rambirambi, ndani kiasi kilekile. Mama alizihesabu hela hizo mara mbili, mazoea ya kazi, akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, wadogo zake wawili, mpwa seremala, na kuku wasiojua udugu. Apumzike kwa amani, amani yote, bila punguzo.